Maseno: Kanisa Bila Jumba la Bwana

Katika vijiji vingi vya Uingereza ya zamani, kanisa la parishi lilisimama jirani na jumba la mwenye ardhi, na mara nyingi mwenye jumba ndiye aliyemteua kasisi. Madhabahu na mashamba vilikuwa na mlinzi mmoja. Maseno, juu ya Kisumu kwenye barabara ya Busia, ililetewa kanisa bila jumba, na kwa maoni yangu pengo hilo ndilo lililounda historia yake. J.J. Willis wa shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, alipofungua misheni mwaka 1906, alijaribu kuliziba kwa kufundisha wana wa machifu. Walikusudiwa kurudi kwao na kutawala wakiwa Wakristo wenye kalamu. Lakini kusoma hakukubaki ndani ya koo za machifu. Wasomaji walitawanyika, wakafungua shule za vijijini, na mwalimu akapata heshima ambayo chifu hakumpa wala hakuweza kumnyang'anya.

Matunda yake yalionekana Desemba 1921 huko Lundha, Gem. Kenya ilikuwa imegeuzwa koloni mwaka 1920, na watu wa Nyanza waliogopa kupoteza ardhi yao. Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor, Simeon Nyende na wenzao, wengi wao zao la Maseno, wakaanzisha vuguvugu la Piny Owacho, kupinga kodi ya nyumba, kipande na kazi za kulazimishwa. Wapo watakaosema kwamba dhuluma hizo zingewaamsha watu hata bila misheni. Ni kweli kuhusu hasira, ila hasira haiandiki malalamiko ya kumfikishia gavana, wala haichagui mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hayo walijifunza darasani na kanisani.

Pingamizi zito zaidi ni la mwaka 1923, pale Arkidikoni Walter Owen wa CMS alipoligeuza vuguvugu hilo kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi na kukiongoza mwenyewe. Je, kanisa halikuwa limejivika ubwana hatimaye? Kwa kiasi fulani, ndiyo: makali ya siasa yalipungua, madai ya ardhi yakasogezwa pembeni. Hata hivyo Owen naye aliwasema wakoloni waziwazi kuhusu kazi za kulazimishwa, kiasi cha kuchukiwa na walowezi. Na ilipoundwa Dayosisi ya Maseno mwaka 1961, kiti cha askofu kilikaliwa na Festo Olang', aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya misheni hiyohiyo ya Maseno.