Trekta ya Guka na pini tatu za Harry Ferguson



Nimekuwa kimya na baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ni kwamba wikendi zangu nyingi tangu 2022 nimezimaliza Ol Kalou, nikiwa nimelala chali chini ya trekta. Leo basi mnisamehe, msimbo utakuwa kidogo na chuma kitakuwa kingi.

Trekta yenyewe ni Ferguson ndogo ya kijivu. Guka (ndivyo tunavyomwita babu kwetu Nyandarua) aliinunua mwaka 1964 kwa kuchanga na majirani wawili, kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akifunga shamba ili arudi kwao. Ilikuwa ile miaka ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, ambapo mashamba makubwa ya walowezi yalikatwa vipande na kuuziwa wananchi kwa mkopo. Ililima viazi vya boma tatu hadi katikati ya miaka ya themanini. Kisha injini ikakwama, ikasukumwa nyuma ya zizi, kuku wakaifanya kiota.

Guka alipofariki, baba mdogo alianza kusema kila Krismasi kwamba ataiuza kwa kilo. Januari 2022 alikuwa tayari amepatana bei na mnunuzi wa vyuma kuukuu, na wiki hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma hivyo nchi nzima, kwa sababu minara ya umeme ilikuwa ikifunguliwa bolti usiku. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo. Miezi hiyo ilinitosha kumwendea Cucu na kumwomba mwaka mmoja. Alikubali, kwa sharti moja: "Isiwe ya kutazamwa. Ilime." (Mwaka huo mmoja, kama makadirio yote ya sisi waandishi wa programu, uligeuka mitatu.)

Jambo la kwanza nililofanya ni lile ninalofanya nikikabidhiwa programu ya mtu mwingine: nilitafuta namba ya toleo. Ilikuwa kwenye kibati karibu na usukani, chini ya kutu. Herufi zilisomeka TED. T ni trekta, E ni England, na herufi inayofuata inaeleza injini. D maana yake inawaka kwa petroli, na ikishapata moto unageuza koki inanywa mafuta ya bei rahisi, jamii ya mafuta ya taa. Ndiyo sababu tangi lake lina vyumba viwili, kidogo cha petroli na kikubwa cha hayo mengine. Yangu ni ya 1951, kutoka kiwanda cha Banner Lane, Coventry, ambako kampuni ya Standard iliunda trekta hizi kuanzia 1946 hadi 1956. Zilitoka 517,651. Ina nguvu farasi zisizofika 30 na uzito wa tani moja na ushei. Ukiipanga kando ya trekta za leo utadhani ni mtoto wao.

Sasa, kwa nini chuma kidogo namna hii kiheshimiwe? Mwanzoni nilidhani ni injini. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya nisome habari za Harry Ferguson.

Ferguson alizaliwa 1884 katika County Down, kaskazini mwa Ireland, mtoto wa mkulima asiyependa kulima. Alianza na magari na pikipiki, na tarehe 31 Desemba 1909 akarusha ndege aliyoiunda mwenyewe. Mwaka 1917, njaa ya vita ikinukia, serikali ilimpa kazi ya kuzunguka Ireland kuangalia jinsi trekta zinavyotumika. Aliyoyaona hayakumpendeza. Trekta za wakati ule zilikuwa farasi wa chuma tu: unaifunga plau kwa mnyororo au kwa ndoano nyuma, kama ulivyoifunga kwa mnyama, halafu unavuta. Farasi akikuta plau imenasa kwenye jiwe, husimama. Trekta haisimami. Magurudumu ya nyuma yanashika, plau haisogei, kwa hiyo sehemu ya mbele inainuka, na trekta nzima inapinduka kinyumenyume juu ya dereva. Watu walikufa hivyo, na Fordson ilijulikana hasa kwa tabia hiyo.

Dawa iliyokuwa ikitumika ni kuongeza uzito. Trekta nzito haipinduki upesi. Lakini trekta nzito inagandamiza udongo, inakunywa mafuta, na mwenye ekari tano hawezi kuinunua. Ferguson aliliangalia tatizo mahali ambapo wengine hawakuangalia, yaani kwenye kiungo baina ya trekta na plau. Mimi kama mwandishi wa programu ningesema tatizo halikuwa ndani ya trekta wala ndani ya plau, lilikuwa kwenye kiolesura.

Kiungo chake ni mikono mitatu: miwili chini inayovuta, na mmoja juu katikati. Plau inashikwa kwa pini tatu na kuwa sehemu ya trekta. Ikinasa, haiwezi tena kuinua trekta kwa urahisi, kwa sababu mkono wa juu unasukuma mbele na nguvu ile inakwenda kulaza pua ya trekta chini. Kisha akaongeza akili. Mwaka 1925 aliomba hataza ya mfumo ambapo mkono ule wa juu unagandamiza springi, na springi inasogeza vali ya haidroliki. Udongo ukiwa mgumu, mkono unasukuma zaidi, vali inafunguka, plau inainuliwa kidogo tu, na uzito wake unahamia magurudumu ya nyuma, yanashika vizuri zaidi. Udongo ukilainika, springi inaachia, plau inashuka. Plau ikigonga kisiki kabisa, haidroliki inaachilia uzito na magurudumu yanazunguka bure badala ya kumpindua mtu. Hakuna umeme hapo, hakuna kihisio wala tarakilishi. Ni springi na vali na oili, na vinasahihishana muda wote kazi inapoendelea. Tulifundishwa mifumo ya mrejesho chuoni kwa muhula mzima na hakuna aliyetutajia springi hii!

Kuuza wazo hilo kulimchukua Ferguson miaka. Mwaka 1936 aliungana na David Brown wa Huddersfield, wakatengeneza trekta 1,350 hivi kisha wakakosana. Oktoba 1938 alipeleka moja yao Marekani, akaionyesha kwa Henry Ford mwenyewe huko Dearborn, na wazee hao wawili wakakubaliana kwa kupeana mkono. Ford atengeneze, Ferguson auze. Hakukuwa na karatasi hata moja. Kutoka 1939 hadi 1947 Ford ilitoa zaidi ya trekta 300,000 zenye mfumo wa Ferguson.

Halafu mzee Ford akazeeka, mjukuu wake Henry Ford II akashika kampuni, akapiga hesabu, akaona hasara. Mkono waliopeana wazee haukumfunga. Mwaka 1947 mpango ulikatwa, na Ford ikatoa trekta yake mpya, 8N, yenye mikono mitatu ile ile, iuzwe na kampuni yake nyingine. (Niliwahi kufanyia mteja mmoja kazi ya miezi minne kwa neno la mdomo tu. Simtaji. Nasema tu kwamba nilipofika hapa nilimhurumia Ferguson kuliko inavyostahili mtu tajiri.) Januari 1948 Ferguson alishtaki, akidai dola milioni 251. Kesi ilivutwa hadi Aprili 1952, akakubali dola milioni 9.25. Ford ilitakiwa pia kubadilisha muundo wa vali ya haidroliki. Lakini mikono mitatu haikutakiwa kuiacha, kwani hataza muhimu zilikuwa zimeshapitwa na muda wake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomhesabu Ferguson kama aliyeshindwa. Yeye alitaka mfumo uliofungwa: trekta yake, majembe yake, hata spana yake, yenye alama za inchi upande mmoja ili mkulima apimie kina cha plau. Angeachiwa, tungekuwa na kiungo kizuri cha kampuni moja, na kila kampuni nyingine na kiungo chake, kama chaja za simu za zamani. Saa ya sheria ilipokwisha, kila mtengenezaji aliuchukua ule wake, na leo una kiwango cha kimataifa, ISO 730, chenye madaraja kwa ukubwa wa trekta. Kampuni yake aliiunganisha na Massey-Harris mwaka 1953, na ndiyo iliyotuletea Massey Ferguson nyekundu ambazo hakuna Mkenya asiyezijua. Alifariki 1960. Miaka miwili kabla yake, Januari 1958, Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini kwa trekta za aina hii zilizofungwa minyororo.

Nirudi karakanani, yaani stoo ya mbolea ya Cucu, yenye balbu moja.

Injini nilidhani itakuwa mwisho wa safari. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Nilijaza oili ya gia iliyochanganywa na dizeli kwenye matundu ya plagi, nikaacha wiki tano, kisha nikafungua na kugonga pistoni kwa kipande cha mti. Tatu zilitoka. Ya nne ilitoka vipande. Ubaya wa injini hizi za mafuta ya taa ni kwamba yasiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili chini, oili inakuwa nyepesi kama chai na kusaga kila kitu. Uzuri ni kwamba slivu zake zinatoka. Huhitaji kupeleka bloku mjini kuchongwa. Unazing'oa, unaweka mpya na pistoni zake, papo hapo shambani. Aliyechora injini hii alijua itafia mbali na mji. Ni ya familia moja na injini ya gari la Standard Vanguard, na hata Triumph TR2, kwa hiyo slivu, ringi na gasketi bado zinauzwa Uingereza. Niliagiza. Ushuru nilioulipa tuuache.

Stata ilinichekesha. Hakuna kitufe. Unasukuma mkono wa gia hadi kwenye alama ya S, na kwa kuwa mkono ni mmoja, haiwezekani kuwasha trekta ikiwa ndani ya gia. Kosa limezuiwa kwa umbo. Sisi tungeandika ujumbe wa onyo.

Haidroliki ilinitesa kuliko yote. Injini ilipowaka (Cucu alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama bila kusema kitu), mikono ya nyuma haikuinuka. Nilifungua kifuniko cha juu, nikakuta vali ya kudhibiti imegandamana na uchafu wa miaka arobaini. Oili ya haidroliki ndiyo hiyo hiyo ya gia, kila chembe inapita hapo. Nililoweka, nikasugua kwa kitambaa, nikaloweka tena, wikendi tatu.

Rangi sikupaka. Baba mdogo, ambaye siku hizi huwaonyesha wageni trekta kana kwamba ndiye aliyeiokoa, anataka kijivu kipya kinachong'aa. Nimemwambia kibao cha gia kimelika umbo la kiganja cha guka, na pale sipaki kitu.

Machi iliyopita, mvua ilipokaribia, tulikuwa na trekta inayonguruma lakini hatuna plau, kwa maana ya guka ilishauzwa zamani. Nilikwenda kwa fundi wa jua kali Nakuru, kijana kama mimi, ambaye hutengeneza majembe ya kupigia matuta ya viazi kwa trekta za kisasa. Sikumpa kipimo chochote. Nilinunua lililokuwa tayari mlangoni. Pini za chini milimita 22, ya juu 19, daraja la kwanza la kiwango. Tulilishusha Ol Kalou, nikarudisha trekta nyuma, na pini zote tatu zikaingia kwa mkono. Trekta ya 1951, jembe la mwezi uliopita.

Tulipiga matuta robo ekari siku hiyo. Kwenye kona ya chini, penye mawe, jembe lilinasa; pua ikatetemeka, magurudumu ya nyuma yakazunguka mara mbili bure, nikakanyaga klachi. Cucu alikuwa amesimama ukingoni. Aliuliza kama inaweza pia kuzungusha mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe.

Bado haiwezi. Shafti yake ya kuzungushia mashine ni ya inchi moja na moja ya nane, na mashine za leo zinataka moja na tatu ya nane. Adapta nimeshaagiza.