Karanga za Posho

Nilizaliwa kambini, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville, na siku ya posho naikumbuka kwa mlio wake: karanga zikimiminwa ndani ya beseni la mama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi iliyokuwa na kambi hizo, iliacha kuchukua vijana kwa mikataba mifupi. Ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto. Ndiyo maana kambi zilijaa watoto, na posho ikahesabu hadi mdomo wa mtoto mchanga.

Karanga zile zilitukuza. Lazima niseme hivyo kwanza, kwa sababu baadaye nilikuwa muuguzi wa watoto, na hakuna chakula nilichokiogopa kuliko hicho. Mtoto wa miaka miwili anakata kwa meno ya mbele, lakini magego ya kusagia hayajatimia. Anacheka akiwa anatafuna, anapaliwa, punje inashuka, mara nyingi upande wa kulia ambako njia ya hewa ni pana na imenyooka zaidi. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Kisha anatulia.

Utulivu ule ndio uliotudanganya. Mafuta ya karanga huwasha njia ya hewa, nayo inavimba. Makohozi yanakwama nyuma ya punje na kuoza. Majuma yakipita, mama anarudi na mtoto wa homa. Tukaandika nimonia. Sindano zikampa nafuu, mwezi uliofuata akarudi. Tulipompiga picha ya kifua, karanga haikuonekana, maana si chuma wala mfupa.

Ufundi wa kuitoa ulikuwapo zamani. Mwaka 1897, mjini Freiburg, daktari Gustav Killian alitoa kipande cha mfupa wa nguruwe katika njia ya hewa ya mkulima kwa mrija wa chuma. Huko Philadelphia, daktari Chevalier Jackson alihifadhi vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa kooni na vifuani mwa watu. Lakini mrija unataka mkono uliofundishwa, na mtu anayejua kumlaza mtoto usingizi huku pumzi yenyewe ni ya kugombania.

Na kabla ya mrija, linatakiwa swali. Kasichana kamoja kaliletwa kwetu mara ya tatu. Kambo wake, mama mzaa mama, alingoja daktari atoke, akanivuta mkono: “Muganga, huyu alipaliwa na karanga kwenye matanga ya mjomba wake. Hakuna aliyeniuliza.” Miezi minne ilikuwa imepita, na sehemu ya chini ya pafu lake ilikuwa imeharibika kabisa.

Nilichukua karatasi yake, nikaandika juu kabisa, kabla ya majina ya dawa: karanga, siku ya matanga.