Bima ya Hospitali na Wasio na Mshahara, 1966 hadi 2024



Tumeona yafaa katika ripoti ya mwaka huu kuandika habari za bima ya hospitali katika nchi yetu, kwa kuwa wengi huuliza sababu gani kibarua, mjane na mzee hukutwa nje ya mlango, hali jirani yao mwenye mshahara yumo ndani. Sababu hiyo si ya jana.

Mwaka 1965 Serikali ya Uhuru iliondoa ada ya shilingi 5 iliyotozwa wagonjwa wa nje. Mwaka 1966 Bunge likaunda Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali. Aliyelazimishwa kujiunga ni yule aliyepata shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, naye alikatwa shilingi 20. Hapo twaomba msomaji atue kidogo. Shilingi elfu moja katika miaka ile ulikuwa mshahara wa mkubwa wa ofisi. Mpishi, topasi na mkulima hawakuukaribia. Basi chombo kilijengwa juu ya karatasi ya mshahara, na asiye nayo hakuwa na pa kushika.

Mwaka 1972 sheria ilirekebishwa, wasioajiriwa wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Lakini mwenye mshahara hukatwa fedha kabla hajaziona, na mchuuzi sharti azitoe mfukoni mwake, siku ya mauzo na siku ya mvua sawasawa. Ada za hospitali za Serikali ziliporudishwa mwishoni mwa 1989, walioumia kwanza ni hao hao.

Jambo jingine halisemwi sana, nasi twaliona kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi Hazina ililipia kitanda cha hospitali, si dawa za mgonjwa anayelala kwake. Wazee wetu huugua presha na kisukari, maradhi yasiyotaka kitanda bali vidonge kila mwezi, maisha yote. Mzee alilipa bima, na vidonge akanunua kwa fedha nyingine. Alipokosa vidonge akaanguka, ndipo bima ikamtambua. Matibabu ya nje yalienezwa kwa wanachama kwa jumla mwaka 2015, na mwaka huohuo malipo ya wenye kujiunga kwa hiari yakapanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Faida ilikuwa ya kweli, ila mjane wa kuuza mboga aliiona bei yake kama mlima.

Haki itendeke: tangu 2013 akina mama walijifungua bila malipo katika hospitali za Serikali, na kuanzia 2014 Serikali ililipia bima baadhi ya nyumba za maskini. Kisha, mwaka 2020, kanuni zikakazwa. Mwanachama mpya wa hiari alitakiwa kulipa mwaka mzima mbele na kungoja siku 90, na mume akaambiwa aandikishe mke mmoja tu. (Wazee wenye nyumba mbili walilisema jambo hilo kwa maneno tusiyoweza kuyachapisha hapa.)

Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya 2023, ilishika mahali pa Hazina. Mwajiriwa aliwekewa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyeajiriwa aliwekewa kupimwa mali ya nyumba yake, kisha kulipa ya mwaka kwa mkupuo, isipungue shilingi 300 kwa kila mwezi, yaani shilingi 3,600. Kwa mwenye mshahara mdogo hizo 300 hukatwa kidogo kidogo. Mwaka 2024 kibarua alitakiwa 3,600 siku moja. Kiasi kilikuwa kimoja, mzigo ulikuwa mbalimbali.

Kwa hiyo Kamati italeta mbele ya Mkutano Mkuu swali hili: je, sanduku letu la wagonjwa litoe malipo ya mwaka kwa wajane, vibarua na wazee watakaoomba, nao warudishe shilingi 300 kila mwezi kwa mweka hazina wa tawi lao? Majina yataandikwa na makatibu wa matawi kabla ya mkutano.