Kitambaa nyuma ya foto zetu



Foto za zamani zilizobaki katika familia zetu, karibu zote ziko na kitu kimoja: nyuma ya mtu kuna kitambaa. Wengine wanakiona kama urembo tu. Sisi tunaona kiko na historia, na inafaa tuieleze mbele watoto hawajazikata.

Kazi ya kupiga foto safarini si ya jana hapa Kongo. Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, alizunguka vijiji vya Kasai na aparei ya sanduku. Iko foto yake ya mwaka 1939: amesimama na sanduku lake, watu wa kijiji wamejaa kuangalia. Sanduku la namna ile lilikuwa aparei na laboratwari pamoja. Mpiga foto aliingiza mkono ndani, akasafisha karatasi gizani. Picha ya kwanza ilitoka kinyume, uso mweusi unaonekana mweupe. Akaipiga foto tena, ndipo rangi zikarudi mahali pake. Hakuhitaji umeme wala nyumba. Alihitaji jua, maji, na ukuta ao kitambaa.

Jua lenyewe lilileta shida. Saa sita ya mchana linapiga utosini, macho yanakuwa mashimo meusi. Kwa hiyo mpiga foto mwenye akili aliweka mtu kwenye kivuli, uso ukitazama uwanja wenye mwangaza. Shuka nyeupe ikishikwa pembeni, inarudisha mwanga kwenye shavu lenye giza. Flashi ya betri ilipofika, hata arusi ya usiku ikapata foto.

Kule Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Alipenda mwanga wa jua, na kitambaa chake cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake. Kila kisha miaka michache alibadilisha. Baadaye vitambaa vile ndivyo vilimusaidia kujua foto ni ya wakati gani. Tushike neno hilo.

Sisi, wengi tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 bila albamu. Kambini Lugufu na Nyarugusu, wapiga foto walipita na kamba, wakatundika kitambaa kati ya miti miwili: maua, gari, nyumba ya gorofa. Koti pia walikopesha. Mama aliyetuma foto kwa ndugu zake Uvira alitaka waone sura yake, si hema yake.

Tangu 2005, boti zilipoanza kuturudisha toka Kigoma mpaka Baraka, foto zile zilikuja ndani ya mifuko ya plastiki. Mwaka ule ule mashine za kuandikisha wachaguzi zilitembezwa inchi nzima, watu zaidi ya milioni 25 wakaandikishwa. Kadi ya uchaguzi ikawa kitambulisho chetu, nayo inaonyesha uso tu. Tukazoea kwamba foto ni uso. Leo mtu akitafuta foto ndogo ya faili ao ya kilio, anachukua makasi, anakata kichwa cha marehemu baba yake, kitambaa anatupa.

Kwa familia isiyo na cheti cha kuzaliwa, kile kilichotupwa ni ushahidi. Foto mbili zenye kitambaa kimoja, mara nyingi ni za mpiga foto mmoja na za wakati mmoja. Kama moja iko na tarehe nyuma, ile ingine nayo inapata mwaka wake, ao karibu. Tunaweza kukadiria mtoto alikuwa na umri gani, na nani alikuwa angali hai. Peke yake haitoshi mbele ya tribinali, lakini inasaidia mashahidi kukumbuka.

Kwa hiyo tunaomba: musikate. Leteni foto nzima siku ya mkutano, tutazipanga kufuata vitambaa. Nyuma andikeni kwa kreyo, polepole: jina, mahali, na mwaka kama munaukumbuka. Wafadhili wetu, tuko na lazima ya bahasha za karatasi na skana moja.

Wazee wanaotambua vitambaa vile wangali nasi. Tuanze na wao.