Macho ya manjano: maini yanafanya kazi gani mwilini?

Katika Kivu Kusini, mtu akivimba tumbo na macho yakageuka manjano, neno la kwanza linalosikika ni karuho: amepewa sumu. Jamaa wanamupeleka kwa wenye dawa za kutapisha, hospitali inafikiriwa nyuma. Dawa hizo hakuna anayepima kiasi chake, na zenyewe zinapitia maini yale yale ambayo pengine yanaumwa tayari.

Maini yanakaa upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima yana uzito wa karibu kilo 1,5. Damu inayotoka matumboni na chakula inapita kwanza hapo mbele ya kuzunguka mwili. Sukari ikizidi, maini yanaiweka akiba. Njaa ikikamata, yanairudisha ndani ya damu kidogo kidogo.

Kuhusu kutoa uchafu, wengi wanajua figo tu. Lakini chembe nyekundu za damu zinaishi siku karibu 120, kisha zinavunjwa, na inabaki taka ya manjano inayoitwa bilirubini. Maini yanaichukua na kuitia ndani ya nyongo, inateremka matumboni, inatoka na choo. Ndiyo inayopa choo rangi ya kahawia. Njia ya nyongo ikiziba, taka inarudi ndani ya damu: macho yanakuwa manjano, mkojo mweusi kama chai bila maziwa, choo kinapauka. Maini yakiwa magonjwa pia macho yanageuka. Hata malaria kali inaweza kuleta manjano, sababu inavunja chembe nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo damu ipimwe kwanza, mbele ya kumutafuta jirani aliyetia sumu.

Kuna taka nyingine, amonia, inayotokana na vyakula kama nyama, samaki na maharagi. Ikizidi inaharibu akili. Maini yanaigeuza urea, na figo zinaitoa kwa mkojo. Mgonjwa wa maini akianza kuchanganya maneno ao kusinzia mchana kutwa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kinachoharibu maini kinajulikana: hepatiti B, kanyanga ya kila siku, karanga na mahindi yenye ukungu. Parasetamoli pia: mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na ile iliyo ndani ya dawa za mafua inahesabiwa. Chanjo ya hepatiti B imo katika ile wanayopewa watoto wakiwa na wiki 6, 10 na 14.