Toba Iliyopanda Baiskeli

Ndugu msomaji, neno "toba" tumelizoea mno hata limepoteza makali yake. Mtu akilisikia anawaza machozi, mikono iliyoinuliwa, na kwaya ikiimba polepole huku mhubiri akiita watu mbele. Jumapili inapita, Jumatatu jirani bado anadai jembe lake. Napenda leo tutazame historia ya mtu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye toba ilimtoa jasho kweli kweli, tena si mara moja. Huyo ni Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kianglikana wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda.

Ili tumwelewe Festo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika kwenye hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Alikuta njaa kali. Watu walikufa, kazi ikamwelemea, na imani yake mwenyewe ikaanza kukauka. Mwaka 1929 akaenda Kampala akiwa hoi. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakaketi pamoja na Biblia zao, wakasoma na kuomba. Hapakuwa na mkutano mkubwa wala vipaza sauti. Walikuwa watu wawili tu, mweusi na mweupe, wanaokiri kwamba wamepungukiwa.

Moto uliowaka baadaye, hasa katika miaka ya 1930, ndio tunaouita Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulitoka Rwanda ukaingia Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika. Waliookoka waliitwa Balokole kwa Kiganda, na wimbo wao wa Tukutendereza ukavuka mipaka yote hiyo. Lakini lililowashangaza watu zaidi ya nyimbo ni madeni kulipwa. Mwizi alirudisha alichoiba. Mtumishi alimwendea bwana wake akamwambia, "Mimi ndiye niliyechukua." Na jambo gumu zaidi kwa zama zile za ukoloni, kuna Wazungu waliosimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao. Ndugu hawa waliita maisha hayo kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1. Tena Zakayo mtoza ushuru naye hakuishia kusema amesikitika. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Nisiwapambe mno watu hawa. Walikuwamo waliokuwa wepesi wa kuhukumu, wakamwona kila asiyeungama kwa mtindo wao kuwa amepotea. Ugomvi ulizuka makanisani. Uamsho haukuwageuza watu kuwa malaika.

Sasa Festo. Alikuwa kijana wa ukoo wa watawala wa Rujumbura, mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma misheni na kisha akawa mwalimu. Elimu aliipata, lakini Mungu alimwona kama kizuizi cha starehe. Akazama kwenye pombe. Huku nyumbani walokole wanamzunguka, ndugu zake mwenyewe wameokoka, basi yeye akawa anawakwepa kama mtu anayekwepa mdai. Mwaka 1941 rafiki yake wa karibu, mnywaji mwenzake, akamjia na habari: ameokoka, na ameomba msamaha wa Mungu. Kisha akamwomba na Festo amsamehe kwa mabaya waliyoyafanya pamoja. Maneno yale yalimvunja. Siku hiyo hiyo Festo naye alipiga magoti.

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa ushuhuda wa kawaida tu. Kumbe ndio kwanza kinaanza. Festo alikuwa na chuki na Mzungu mmoja aliyeishi Kabale. Baada ya kuokoka, dhamiri ikawa haimwachi: nenda ukamwombe radhi. Hebu fikiria, mtawaliwa anakwenda kumwomba radhi mtu wa kabila la watawala! Alijitetea, akatafuta sababu, mwisho akapanda baiskeli. Ni kama maili 50 kutoka Rukungiri hadi Kabale, na nchi yote ile ni milima. Alifika, akamweleza yule bwana kwamba alimchukia, na kwamba sasa anampenda kama ndugu.

Mimi naamini baiskeli ile ndiyo ilikuwa chuo chake cha uaskofu. Alikuwa mwalimu Dodoma kwa miaka mingi, na wazee wa Kanisa hapa Tanzania walimfahamu. Alihubiri nchi nyingi. Mwaka 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, na kwa wakati huo Idi Amin ameshika nchi tangu 1971.

Tarehe 10 Februari 1973, watu walikusanywa uwanjani Kabale kutazama wanaume watatu wakipigwa risasi hadharani. Askofu aliruhusiwa kusema nao dakika za mwisho. Aliwaendea kwa hofu, akijiuliza atawaambia nini. Akawakuta nyuso zao zina nuru, na wao ndio waliomtia moyo yeye. Walikufa wakiwa na pingu mikononi, lakini hofu ilikuwa upande wa wenye bunduki.

Mwaka 1977 mambo yakafika shingoni. Mwezi Februari askari walipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku. Maaskofu, Festo akiwamo, wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 Luwum alikamatwa na kuuawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Festo akaambiwa kuwa zamu yake inafuata. Yeye na mkewe Mera wakatoroka usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda, nchi ile ile ambako Uamsho ulianzia.

Hapo ndipo dhambi ya zamani iliporudi kwa sura mpya. Festo aligundua kwamba anamchukia Amin. Nani angemlaumu? Rafiki yake ameuawa, kundi lake limetawanyika. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani London, alisikia yakisomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Akajiuliza: kama Amin angekuwa miongoni mwa wale askari wa msalaba, je, Yesu angemruka katika sala ile? Mwaka huo huo akaandika kitabu chenye jina lililowakera wengi: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Najua msomaji wa Kagera anaweza kukasirika hapa, na ana haki. Majeshi ya Amin yalivamia kwetu Oktoba 1978, watu wetu wakauawa. Tumpende huyo? Lakini tazama mpangilio wa matukio. Barua ilitangulia, msamaha ukafuata. Festo hakuita uovu jina jingine. Aliutaja mbele ya mwenye bunduki, kwa maandishi, akijua gharama yake. Alichokataa ni kumruhusu Amin atawale na moyo wake pia. Kumsamehe mtu ambaye hujathubutu kumwambia kosa lake ni woga uliovalishwa kanzu.

Kampala ilikombolewa Aprili 1979, na Festo akarudi Kigezi mwaka huo kuanza kuwajenga upya watu wake. Aliaga dunia mwaka 1988. Nikiyapima maisha yake, naona mtu aliyetubu mwaka 1941 na akalazimika kutubu tena mwaka 1977, akiwa askofu, kwa ugonjwa ule ule wa chuki. Mlima wa pili ulikuwa mrefu kuliko ule wa Kabale, ila miguu ilikwisha kuzoea. Nasi tusingoje Amin wetu ndipo tujifunze. Tuanze na yule jirani anayedai jembe.