Mkono Mtupu, Mkono Wenye Kalamu: Jinsi Karate Ilivyoandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu hutumika sana kuhusu biashara, lakini unafaa pia kwa maarifa yanayohifadhiwa mwilini, kama vile ngoma, ususi na mapigano. Bingwa wa kupigana hahitaji kuandika ili ashinde. Hata hivyo, akifa bila mwanafunzi wala daftari, anaondoka na ujuzi wake wote. Insha hii inachunguza karate ya kisiwa cha Okinawa kati ya miaka ya 1900 na 1945. Hoja yangu ni kwamba karate iliokolewa na watu ambao uandishi haukuwa kazi yao, na kwamba watu hao hao ndio walioibadilisha kwa kalamu.

Okinawa haikuwa sehemu ya Japani tangu mwanzo. Ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, ulioungana mwaka 1429 na kuwa na uhusiano wa karibu wa kibiashara na Uchina. Mwaka 1609 ukoo wa Satsuma kutoka Japani uliuvamia ufalme huo, na mwaka 1879 serikali ya Japani ikauvunja na kuufanya mkoa wake. Mbinu za kupigana zilifundishwa kwa watu wachache, aghalabu faraghani. Jina lenyewe liliandikwa kwa alama zenye maana ya "mkono wa Uchina", na hilo halikumwonea haya mtu yeyote, kwa sababu sehemu kubwa ya mbinu hizo ilihusishwa na Uchina.

Hapakuwa na kitabu cha kununua. Palikuwa na mswada wa Kichina uitwao Bubishi, unaoeleza mapigano, dawa za mitishamba na sehemu za mwili ambazo ni hatari kupigwa. Mwanafunzi aliyeaminiwa aliruhusiwa kuunakili kwa mkono, na ujira wake ulikuwa ile nakala yenyewe. Ndiyo maana mswada huo ulipita mikononi mwa watu wengi bila kufika dukani.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Itosu Anko, mzee aliyewahi kuwa karani wa ufalme wa Ryukyu. Karani huyo alijua nguvu ya karatasi. Mwaka 1901 alisaidia kuingiza karate katika shule ya msingi, na mwaka 1908 aliwaandikia wakuu wa elimu wa mkoa barua yenye vipengele kumi. Humo alisema kwamba karate haikutokana na dini ya Buddha wala mafundisho ya Confucius, bali mitindo yake ililetwa zamani kutoka Uchina. Vilevile alieleza kwamba mazoezi hayo yangewafaa vijana watakaoingia jeshini. Hapa tunamwona mwandishi akimwangalia msomaji wake. Japani ilikuwa imetoka kuishinda Urusi vitani mwaka 1905, na hoja ya jeshi ndiyo iliyokuwa na sikio. Barua hiyo ilihifadhi asili ya karate, na papo hapo ikaitafutia kazi mpya.

Mwanafunzi wa Itosu, Funakoshi Gichin, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya elimu ya viungo, akabaki huko. Aliishi katika bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, akifagia na kulinda ili apate riziki. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake cha kwanza. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliikumba Tokyo, na mabamba ya kuchapia kitabu hicho yakateketea. Mtu mwingine angekata tamaa, lakini Funakoshi alitoa toleo jingine mwaka 1925. Kitabu kilikuwa kimeonyesha udhaifu wake, kwamba nacho huweza kuungua kama nyumba. Tofauti ni kwamba mwandishi aliyebaki hai anaweza kukirudia.

Tatizo ni kwamba anayerudia huwa na nafasi ya kubadili. Katika kitabu chake cha mwaka 1935, Funakoshi aliandika karate kwa alama yenye maana ya "mkono mtupu". Matamshi hayakubadilika hata kidogo, ila Uchina ilitoweka katika jina. Alibadili pia majina ya kata, yaani mifululizo ya miondoko ambayo wanafunzi hukariri. Pinan ikawa Heian, na Naihanchi ikawa Tekki. Hakuwa wa kwanza kutumia alama hiyo, kwa kuwa Hanashiro Chomo aliitumia mwaka 1905. Tena tarehe 25 Oktoba 1936 mabingwa kadhaa walikutana mjini Naha, chini ya udhamini wa gazeti la huko, wakaiunga mkono. Lakini tukumbuke wakati wenyewe. Vita kamili kati ya Japani na Uchina vilizuka mwaka 1937. Jina lenye Uchina ndani yake lilikuwa mzigo.

Je, walikosea? Kabla ya kuhukumu, tuangalie kilichofuata. Kati ya Aprili na Juni 1945 Okinawa ilikuwa uwanja wa vita kati ya Marekani na Japani. Watu zaidi ya 200,000 walikufa, wakiwemo raia wengi mno wa kisiwa hicho. Shinzato Jin'an, mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi bingwa Miyagi Chojun, alifariki mwaka huo. Kyan Chotoku, mmoja wa waliohudhuria mkutano wa Naha, alifariki miezi michache baada ya mapigano kwisha. Kila mmoja alizikwa na mambo ambayo hakuna daftari lililoyashika. Kwa upande mwingine, sehemu za Bubishi zilikuwa zimekwisha kuchapishwa na Mabuni Kenwa mwaka 1934, kutokana na nakala aliyoiandika kwa mkono wake. Hizo hazikutegemea tena uhai wa mtu mmoja.

Leo mwanafunzi wa karate wa mtindo wa Shotokan, awe Nairobi au Kampala, hukariri Heian. Anatamka neno lililochaguliwa na mwalimu wa shule aliyekuwa akifagia bweni, na huenda asijue kwamba kabla yake palikuwa na neno jingine.

Kwa maoni yangu, kosa la waandishi hawa si kubadili, kwa sababu kila anayeandika hubadili. Hatari iko pale ambapo mabadiliko hayasemwi, hadi kizazi kinachofuata kikadhani mambo yalikuwa hivyo tangu enzi. Itosu alitaja asili na haja yake ya wakati huo katika barua moja, na ndiyo maana mwanahistoria anaweza kuvitenganisha. Anayejitolea kuandika maarifa ya watu wake anastahili shukrani. Deni alilo nalo kwetu ni moja tu: akibadili jina la kale, aliache liandikwe pembeni.